Sheria Imeanza Lini, na Inamgusa Nani?

Ndugu zangu mnaoandaa mishahara na kutunza majalada ya wafanyakazi, naanza na tarehe, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Sheria moja yaweza kuwa na tarehe nne: ilipopitishwa bungeni, iliposainiwa, ilipochapishwa kwenye gazeti la serikali, na inapoanza kutumika. Vyombo vya habari hushangilia ile ya kwanza. Mshahara unafuata ya mwisho. Tena hiyo ya mwisho yenyewe huweza kugawanyika, kifungu cha makato kikaanza mwezi huu na cha likizo kikasubiri kanuni za waziri. Kwa hiyo ukiishika sheria ya marekebisho, soma kifungu cha kuanza kutumika, ruka hadi masharti ya mpito, yaani yale yanayosema nini kinawapata waliokuwa katikati ya jambo sheria ilipobadilika, ndipo urudi katikati.

Kwa mikataba ya kimataifa ni hivyo hivyo. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, ulipitishwa Juni 2019 na kupata nguvu tarehe 25 Juni 2021. Nchi inayouridhia baada ya hapo hufungwa nao miezi 12 tangu uridhiaji wake usajiliwe. Mtu akikwambia "dunia imeshapitisha", muulize nchi yake imeridhia lini, na sheria ya ndani inasemaje.

Sasa masharti ya mpito, ambayo watu huyapita mbio. Tuchukue likizo ya uzazi. Mkataba Na. 183 wa shirika hilo hilo, wa mwaka 2000, unataka isipungue wiki 14, yaani siku 98. Tuseme sheria ilikuwa ikitoa siku 84, sasa imepanda hadi 98, na mama mmoja alianza likizo siku 60 kabla ya sheria mpya kuanza. Je, zile 14 za nyongeza ni zake? Sheria nyingine hujibu waziwazi, nyingine hunyamaza. Ikinyamaza, usiamue kwa mazoea, wala kwa kuwa zamu zina upungufu wa watu. Iandikie mamlaka ya kazi barua yenye swali moja na tarehe zote, na jibu liingie kwenye jalada lake. Wakati unasubiri, usimwite kazini siku ya 85. Siku zilizozidi hupatiwa hesabu baadaye. Siku alizonyimwa mama na mtoto mchanga hazirudi.

Hapo hapo kuna mtego wa mfumo wa kompyuta. Mifumo mingine huhesabu siku za kalenda, mingine siku za kazi. Ukiingiza 98 kwenye mfumo wa siku za kazi, kwa wiki ya siku tano, likizo inakuwa karibu wiki 20. Ukiingiza 70, yaani siku za kazi za wiki 14, kwenye mfumo wa kalenda, mama anaitwa arudi wiki 10 tu zikiwa zimepita. Kila unapobadilisha namba, fungua kwanza mpangilio uone namba hiyo inahesabu nini.

Viwango vya makato navyo vijaribiwe kabla ya siku ya malipo. Chagua wafanyakazi wanne: wa mshahara wa chini kabisa, aliyevuka ukomo wa mshahara unaokatwa (kiwango ambacho kinachozidi hapo hakikatwi), aliyeajiriwa katikati ya mwezi, na aliye likizoni bila malipo. Wapigie hesabu kwa mkono, kisha linganisha na mfumo. Kosa hujificha sana kwa yule wa pili na wa tatu.

Ukichelewa je? Tuseme mchango wa mfanyakazi umepanda kutoka asilimia 5 hadi 6, nawe umegundua baada ya miezi mitatu. Usikate malimbikizo yote kwa mpigo. Mkataba Na. 95 wa 1949, kuhusu ulinzi wa mishahara, unaruhusu makato kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au uamuzi wa usuluhishi tu. Angalia kwanza sheria yako inampa nani mzigo wa kosa la mwajiri. Inawezekana ni wa mwajiri mwenyewe, pamoja na faini.

Kwa kufuatilia haya, daftari moja la mabadiliko linatosha: kifungu, tarehe ya kuanza, kundi linaloguswa, nyaraka za kurekebisha, mhusika, na ushahidi kwamba imefanyika. Safu hiyo ya mwisho ndiyo hubaki tupu. Utakuta mwongozo wa wafanyakazi umeshasahihishwa, ila kiolezo cha mkataba bado kina siku za zamani, na kila anayeajiriwa anasaini kosa lile lile. Hukumu za mahakama nazo ziingie humo, kwa sababu hubadilisha maana ya kifungu bila kugusa hata neno lake.

Na jedwali la viwango vya zamani msilifute. Liwekeeni tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Aliyeacha kazi kabla ya mabadiliko akija kudai kiinua mgongo, hesabu yake kwa kawaida hufuata sheria iliyokuwepo siku ajira yake ilipokoma.