Jinsi ya Kuisoma Picha ya Januari: Karamu ya Duke wa Berry

Habari zenu, watazamaji wangu. Leo tunaingia ukumbini kwa Duke Jean wa Berry, mtukufu wa Ufaransa na mwana wa mfalme, na mlango wetu ni ukurasa mmoja tu: Januari, katika kitabu chake cha sala kiitwacho Très Riches Heures. Waliouchora ni ndugu watatu wa ukoo wa Limbourg, wenyeji wa Nijmegen, miaka ya 1412 hadi 1416. Kitabu kipo jumba la makumbusho la Condé, mjini Chantilly. Tafuta picha yake kubwa kwenye intaneti, uiweke karibu.

Hatua ya kwanza, tafuta waliokaa. Usianzie kwenye nguo, zitakupoteza. Ukumbi umejaa watu, lakini mezani wamekaa wawili tu: duke mwenyewe, joho la bluu na kofia ya manyoya, na kiongozi wa dini pembeni yake. Hapo umeshajua nani ni nani. Kukaa karibu na mkubwa kulikuwa heshima ya kupewa.

Sasa tazama nyuma ya kichwa cha duke. Lile duara kama ungo si nuru ya mtakatifu. Ni kinga ya kusukwa, inamkinga na joto la moto unaowaka nyuma yake. Waliotoka kwenye baridi wanaunyooshea mikono.

Hatua ya pili, panda juu. Wale askari wanaopigana hawako nje ya dirisha. Ni zulia la ukutani, lenye picha ya vita vya Troya, vile vya hadithi za kale za Wagiriki.

Hatua ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote: meza. Simamisha video hapa. Upande wa kulia kuna jahazi la dhahabu. Ni chombo cha chumvi. Mbele wamesimama wahudumu, mkata nyama na mnyweshaji, kila mmoja na kazi yake, na kazi hizo walipewa watu wa heshima. Halafu sogeza karibu zaidi: vijibwa viwili vinatembea juu ya kitambaa cheupe, katikati ya vyombo, na hakuna anayevifukuza!

Hatua ya nne, soma maandishi ya dhahabu nyuma ya duke: "approche, approche". Yaani, sogea, sogea. Mwaka mpya ulikuwa wakati wa kupeana zawadi, na Januari 1411 ndugu wa Limbourg walimletea duke kitabu kilichofunikwa mahameli nyeupe, chenye vifungo vya fedha iliyopakwa dhahabu. Ukikifungua, hakifunguki. Ni kipande cha mti kilichopakwa rangi, hakina hata ukurasa mmoja. Fikiria ukaribu unaohitajika kumfanyia utani kama huo mwana wa mfalme! Na watunza mali zake wakakiandika kwenye orodha, pamoja na hazina zake nyingine.