Tashkent ina saa zake

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunakwenda Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, watu karibu milioni tatu, mji mkubwa kuliko yote Asia ya Kati. Da Mwanaidi kaolewa huko na ndiye mwenyeji wetu. Dada, tuseme mimi nimeshatua. Nianzie wapi?

MWANAIDI: Anza kwa kuahirisha tiketi yako ya kesho asubuhi.

SALIM: Tiketi gani tena?

MWANAIDI: Ya Samarkand! Nawajua nyie. Mgeni anatua usiku, analala karibu na stesheni, kukipambazuka yuko kwenye Afrosiyob, ile treni ya mwendo kasi. Baada ya mwendo wa saa mbili na ushei yuko Registan, ule uwanja wa kale wa Samarkand, anapiga picha. Akirudi kwao anasema Tashkent kaiona. Kaionea wapi, dirishani mwa teksi? Kata tiketi ya siku ya nne, na uikate mapema maana zinaisha upesi.

SALIM: Lakini si huko ndiko kwenye majengo ya kale? Tashkent nasikia ni magorofa ya Kisovieti tu.

MWANAIDI: Magorofa yapo, tena mengi, na yana kisa chake. Alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1966 tetemeko lilipiga chini ya mji wenyewe. Kwa kipimo halikuwa la kutisha sana, ila chanzo chake kilikuwa karibu mno na uso wa ardhi, na nyumba nyingi zilikuwa za udongo. Watu kama 300,000 wakabaki hawana pa kulala. Wakaletwa mafundi kutoka kila jamhuri ya Kisovieti, mji ukajengwa upya. Ndiyo maana barabara ni pana na miti imejaa. Hayo magorofa nayo yatazame ubavuni ukipita mtaa wa Chilonzor, utaona ukuta mzima umenakshiwa kwa mozaiki.

SALIM: Kwa hiyo cha zamani hakikubaki?

MWANAIDI: Kimebaki. Jumba la opera la Navoiy, lililofunguliwa 1947, lilijengwa kwa mikono ya mateka wa Kijapani pia, na tetemeko halikuliangusha. Wenyeji wanapenda sana kukuhadithia hilo. Haya, sasa nisikilize: huu mji una saa zake, ukizikosea utakuta sufuria tupu.

SALIM: Hapo umenigusa. Nipange kwa tumbo basi.

MWANAIDI: Asubuhi nenda Chorsu. Ni soko lenye kuba kubwa la buluu, chini ni nyama, na usishtuke ukiona soseji za farasi zimepangwa. Panda ghorofani kwenye matunda makavu: aprikoti, zabibu, lozi. Muuzaji atakupa uonje hata kama hununui. Kisha toka nje ufuate harufu ya mkate. Hapo ndipo mimi nasimama hata kama sina haja ya mkate.

SALIM: Kuna nini?

MWANAIDI: Tanuri la udongo, mdomo wake mpana. Mwokaji anachukua donge, analitandaza, katikati analigonga kwa muhuri wa vijisindano ili pasiumuke, analipaka maji kwa nyuma. Halafu anaingia nalo mle ndani, kichwa na mabega, analibandika ukutani mwa tanuri na kutoka uso mwekundu. Dakika chache tu anaubandua kwa ndoano. Ununue wa moto. Ila ukifika mezani usiuweke kifudifudi, wala usiutupe chini. Mama mkwe wangu ananisamehe mengi, hilo hapana.

SALIM: Sawa, nimeshiba mkate. Wali?

MWANAIDI: Usishibe! Saa tano na nusu uwe umeshafika Besh Qozon, karibu na mnara wa televisheni, ule wa mita 375. Wanapika osh, pilau yao, kwenye masufuria unayoweza kumwogeshea ng'ombe. Ni chakula cha mchana. Ukija saa tisa utakuta wanakwangua.

SALIM: Wewe ni mtu wa Unguja, sema kweli mbele ya Mungu. Inaifikia yetu?

MWANAIDI: Usinigombanishe na ukoo wangu wala wa mume wangu. Haina karafuu, haina iliki, haina mdalasini. Bizari nyembamba ipo. Karoti za manjano zimekatwa vijiti, nyingi mpaka unadhani wamekosea. Kitunguu saumu kizima kizima, nyama, na mafuta ya mkia wa kondoo. Ya harusi inaongezwa dengu na zabibu. Mara ya kwanza utasema imepooza. Ukiila na kachumbari yao ya nyanya na chai ya kijani, unaanza kuelewa. Ni nzito, kaka. Usipange kazi baada yake.

SALIM: Na hiyo ya harusi, mgeni anaipataje?

MWANAIDI: Ukialikwa. Kuna ile inayopikwa usiku, wanaume wanaitwa baada ya sala ya alfajiri. Wanakuja mamia, wanakula, wanaomba dua, wanakwenda zao kazini. Mimi siitwi, nasikia masufuria tu. Wewe ukiitwa nenda, usijivute.

SALIM: Baada ya hapo jua kali, tunajificha wapi?

MWANAIDI: Chini ya ardhi. Metro ilifunguliwa 1977, ya kwanza Asia ya Kati, na hadi 2018 ilikuwa marufuku kupiga picha ndani yake. Sasa ruksa. Shuka kituo cha Kosmonavtlar: kuta za buluu inayozidi kukolea, zina picha za wanaanga, Gagarin yupo, Tereshkova yupo, na pamoja nao Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand wa karne ya 15 aliyepima nyota. Kisha Alisher Navoiy, dari yake makuba matupu kama msikiti. Usiharakishe, acha treni moja ipite, ingia inayofuata.

SALIM: Wasikilizaji wetu wa Mombasa wataniuliza habari ya Msahafu.

MWANAIDI: Uko eneo la Hazrati Imom. Unanasibishwa na Sayyidna Uthman, ingawa wataalamu wengi wanaurudisha karne ya pili ya Hijra. Ni kurasa kubwa za ngozi, maandishi ya Kikufi. Warusi waliuchukua mwaka 1869 wakaupeleka St Petersburg, ukarudishwa baada ya mapinduzi. Kando yake sasa limejengwa jengo kubwa mno, Kituo cha Ustaarabu wa Kiislamu. Mimi macho yangu yanataka ule upande wa zamani, vichochoro vya mahalla, yaani mitaa ya wenyeji, kuta za udongo na milango ya mbao.

SALIM: Dada, lingine la kweli. Sisi weusi tunapokewaje?

MWANAIDI: Utatazamwa, na utaombwa picha. Watoto watakufuata. Mimi naona ni udadisi tu, ila kuna siku unachoka, nakubali. Wazee wana kumbukumbu nyingine: mwaka 1958 waandishi wa Afrika na Asia walikutana hapa, na enzi za Kisovieti vijana wetu walikuja kusoma. Salimia kwa mkono kifuani, uso mkunjufu, mtu anaanza kukutafutia kiti.

SALIM: Na nikishakaa?

MWANAIDI: Chai. Mwenye nyumba anamimina kikombe, anairudisha birikani, mara tatu, ndipo anakupa. Itakuwa nusu kikombe. Usinung'unike! Nusu maana yake bado wanataka kukumiminia. Wakikujazia mpaka juu, tafuta viatu vyako.

SALIM: Hapo ningenuna kweli. Mambo madogo madogo sasa, haraka.

MWANAIDI: Pesa ni som, dola moja inakupa zaidi ya 10,000, zoea masifuri. Teksi ita kwa programu ya simu, Yandex, ugomvi wa bei unaisha. Maji ya kunywa nunua. Ukishuka garini usiku tazama mguu, pembeni mwa barabara kuna mifereji ya wazi. Mimi nimeshamwona mtu na suti yake humo.

SALIM: Na msimu?

MWANAIDI: Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai ni karibu digrii 40, wenyewe wanajifungia mchana. Mimi ningekuita Septemba, kwa ajili ya matikiti ya manjano, marefu, mazito. Usichague kwa macho. Mwambie muuzaji akukatie kipande. Akikataa, nenda meza ya pili, wako wengi.

SALIM: Septemba basi. Wiki ijayo, wasikilizaji, tunavuka mpaka kwenda Almaty, Kazakhstan. Da Mwanaidi, msalimie mama mkwe.

MWANAIDI: Anakusikia. Anauliza unakula kilo ngapi.