Udzungwa Haikutokana na Volkano

Walimu wenzangu, leo narudia jambo ambalo wengine wenu mmelisikia kwangu hadi mkachoka. Nitalirudia, maana bado nasahihisha majibu yanayosema milima yote ya Tanzania ilitokana na volkano. Kilimanjaro, sawa. Meru, sawa. Udzungwa, hapana!

Siku moja niliwapeleka wanafunzi kwenye maporomoko ya Sanje, pale maji yanapoanguka mita 170 hivi. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kreta iko wapi, lile shimo la volkano?" Nikamwambia aokote jiwe, alioshe, alitazame, kisha alirudishe mahali pake maana tuko hifadhini. Akaona mistari: mweupe, mweusi, mweupe tena, imepindapinda kama mkeka uliokunjwa vibaya. Ile ni naisi, mwamba geu, yaani mwamba uliopikwa kwa joto kali na kugandamizwa hadi ukabadilika. Lava iliyoganda juu ya ardhi haiwi hivyo. Tulikaa pale karibu saa nzima, kila mmoja na jiwe lake, na binti mmoja akapata lenye chembe nyekundu za ganeti. Hakuna aliyeuliza tena habari za kreta.

Najua mtaniambia: si wewe uliyesema miamba hiyo ilipikwa kwa joto kali? Ndiyo, nilisema. Lakini fikirini chungu. Udongo ukichomwa hugeuka ukawa mgumu, wala hautiririki kama uji. Udzungwa ilipikwa namna hiyo, makumi ya kilomita chini ya ardhi, yapata miaka milioni 600 iliyopita, enzi mabara yalipokuwa yakigongana na kuungana kuwa Gondwana, bara kubwa la kale. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, haijatimiza hata miaka milioni moja! Tunawezaje kuviweka kapu moja?

Kuinuka kwake ni habari nyingine, ya baadaye sana. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukapanda, wa pili ukadidimia, na huo uliodidimia ndio Bonde la Kilombero. Simama Mang'ula utazame juu: mlima unaanza ghafla pale mashamba ya miwa yanapoishia. Kilele cha Luhombero kinafika mita 2,579.

Nilitaka kueleza pia mvua, misitu na umeme wa maji wa Kihansi, ila naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi shikeni hili tu: safu hiyo ndiyo inayokinga pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na hapo ndipo mvua inapotoka. Mawe yako mezani, nimeyaokota nje ya hifadhi. Njooni myashike.