Zawadi ya Stalin katikati ya Warsaw

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, salamu kutoka Warsaw. Jengo hili refu nyuma yangu ni Kasri la Utamaduni na Sayansi, lenye kimo cha mita 237, ambalo Muungano wa Kisovieti uliwajengea Wapolandi kati ya mwaka 1952 na 1955 likabandikwa jina la Stalin, kiongozi wa Muungano huo. Mji ulikuwa haujapona vita, na nyumba za kuishi zilikuwa adimu, lakini zawadi iliyoletwa ilikuwa kumbi za tamthilia, sinema, makumbusho na bwawa la kuogelea. Naamini hilo lilipangwa. Wanajeshi wa Kisovieti walikuwa tayari nchini. Kilichobaki kilikuwa kumfanya Mpolandi asome, acheze na kustarehe chini ya paa la Moscow.

Tusogee ukutani. Kijana huyu wa mawe ameshika kitabu chenye majina ya Marx, Engels na Lenin. La Stalin lilikuwapo pia, likaondolewa baada ya yeye mwenyewe kukataliwa huko huko Moscow. Hata sanamu ilipaswa kubadili msimamo!

Hata hivyo, kasri lilikuwa upande wa kujionyesha tu. Kazi nzito ilifanywa na ofisi ya udhibiti iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo magazeti, vitabu na maonyesho ya jukwaani yalipaswa kupita mikononi mwake kabla ya kumfikia mwananchi.

Lakini udhibiti nao una mipaka yake. Mwezi Novemba 1967 Jumba la Taifa la Tamthilia lilianza kuonyesha Dziady, tamthilia ya Adam Mickiewicz, mshairi wa karne ya 19, chini ya mwongozaji Kazimierz Dejmek, tena katika kuadhimisha miaka 50 ya Mapinduzi ya Urusi. Mshairi alikuwa akimsema mfalme wa Urusi, yaani utawala ule ule ambao wakomunisti walijisifu kuupinga, ila watazamaji walipopiga makofi kila Urusi iliposemwa vibaya, wakubwa walielewa kuwa anayesemwa ni Moscow ya leo yao, wakaamuru tamthilia isimamishwe. Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 30 Januari 1968, na usiku huo wanafunzi waliandamana hadi kwenye sanamu ya Mickiewicz. Wawili kati yao walifukuzwa Chuo Kikuu cha Warsaw, na wenzao walipokusanyika chuoni tarehe 8 Machi kuwatetea, walijibiwa kwa virungu.