Stika za anwani: usiruhusu kompyuta imeze sifuri zako

Karibuni. Leo tunaandaa stika 130 za barua za mkutano wa chama hapa Nakuru. Karatasi ni za A4 zenye stika 21, tatu kwa upana na saba kwenda chini. Kila stika ni milimita 63.5 kwa 38.1, kwenye pakiti tafuta nambari L7160. Karatasi saba zinatosha, lakini weka ya nane ya akiba.

Kazi kubwa iko kwenye orodha. Fungua Excel, andika vichwa: Jina, Kupitia, Sanduku, Msimbo, Mji. Usirundike anwani nzima katika seli moja, la sivyo siku ukitaka wa Kisumu peke yao utawachambua kwa mkono.

Kichwa cha "Kupitia" ni cha wale wanaotumia sanduku la shule au kanisa, na wako wengi. Ukiacha jina la shule, karani atabaki na barua ya mtu asiyemjua.

Msimbo, yaani namba ya posta, nao hufuata posta yenye sanduku. Anakolala mtu si hoja. Anayeishi Njoro na ana sanduku Nakuru mjini, mwandikie 20100. Kisumu ni 40100, Kakamega 50100. Muulize mwenyewe, usikisie.

Sasa sogea uone. Tunaandika 00100, ya posta kuu ya Nairobi (GPO), tunabonyeza Enter... imebaki 100! Excel imedhani ni hesabu. Kwa hiyo kabla ya kuandika, chagua safu wima yote ya Msimbo, ingia Format Cells, chagua Text. Zilizokwisha kupoteza sifuri, ziandike upya. Kuna wanaoipamba seli tu ionyeshe sifuri. Usiwaige, kwani Word husoma namba iliyofichika na kuprinti 100 vilevile.

Hifadhi, funga Excel. Kwenye Word: Mailings, Start Mail Merge, Labels, kisha Avery A4/A5, L7160. Chagua orodha yako kwa Select Recipients. Panga Jina na mengine kwenye stika ya kwanza pekee kwa Insert Merge Field, halafu bofya Update Labels. Ukiiruka hatua hiyo, zile 20 nyingine zitabaki tupu. Maliza kwa Finish & Merge.

Jaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Iweke juu ya ile ya stika, uinue dirishani. Maandishi yakizidi kuhama kadiri unavyoshuka, printa imebana ukurasa: weka A4, asilimia 100.

Printa ya leza usiilishe karatasi iliyokwisha kubanduliwa stika. Joto hulainisha gundi, na stika ikinasa ndani, bili ya fundi itapita bei ya pakiti.

Nyuma ya bahasha andika S.L.P. yenu. Barua ikirudi, weka tarehe na sababu kwenye orodha, umpigie mwenyewe simu kabla ya kuprinti nyingine.