Kemia au Biokemia: Ipange Shahada Kuanzia Kwenye Meza ya Maabara

Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita, michepuo ya sayansi

Walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, nanyi vijana, habari za asubuhi.

Dirisha la udahili likifunguliwa, wengi wenu mtaandika udaktari kwanza, famasia pili, halafu kemia au biokemia mtaitupia mwishoni ili tu msikose chuo. Nimefundisha wengi walioingia kwa mlango huo. Wapo wanaokuja kuipenda fani, lakini wengi hupoteza mwaka wa kwanza mzima wakisubiri kuhama. Nimekuja kuwaomba muitazame fani hii kama kitu cha kuchaguliwa kwa makusudi. Na anayeichagua vizuri huanza kwa kujiuliza: nataka kusimama kwenye meza ipi ya maabara, nikitafuta nini?

Tuanze na maji. Aliyekulia Arumeru au Hai ameyaona meno ya kahawia ya watoto wa vijiji vinavyozunguka Meru na Kilimanjaro, na pengine ameona miguu iliyopinda. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye visima na chemchemi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kuiondoa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hadi ikawa kama mkaa. Lakini kabla ya kuiondoa lazima uipime, na hapo ndipo nawaomba mnisikilize kwa makini.

Mwanafunzi anachukua mililita 25 za maji ya kisima, anaongeza bafa (mmumunyo unaozuia kiwango cha asidi kisiyumbe) kiasi hicho hicho, anatumbukiza elektrodi yenye fuwele ya lanthanamu floraidi, anasubiri namba itulie. Bafa ina kazi yake: maji yakiwa na asidi nyingi, floraidi hushikana na haidrojeni na elektrodi haiioni tena; alumini nayo huificha. Namba ikitulia, bado haimwambii kuna floraidi kiasi gani. Inamwambia milivolti. Floraidi ikiongezeka mara kumi, namba hushuka kwa takriban milivolti 59 katika nyuzijoto 25. Ni yeye atakayechora mstari kutokana na miyeyusho aliyoiandaa kwa mkono wake, milivolti upande huu, logi ya kiasi cha floraidi upande ule, ndipo asome jibu. Kosa la milivolti 1 tu ni kosa la takriban asilimia 4 kwenye jibu. Akikosea milivolti 4, maji yenye miligramu 1.7 kwa lita yataandikwa 1.45. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Karatasi itasema kisima ni salama, na watoto wataendelea kukinywa.

Ukisikia hilo ukatamani kujua kosa lilitokea wapi, kwenye bafa, kwenye joto la chumba au kwenye pipeti, basi wewe ni mtu wa kemia.

Sasa twende ghalani. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu, kuvu aina ya Aspergillus flavus huota na kutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani huko Kenya, waliugua watu 317 na wakafa 125. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulitufika sisi wenyewe, Dodoma na Manyara. Kwa viwango vya Afrika Mashariki, kilo ya mahindi isizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote, na ile ya B1 isizidi mikrogramu 5. Kuzipima ni kazi ya mkemia. Mwanabiokemia yeye anauliza: ikishaingia mwilini, inamfanyaje mtu?

Jibu lake linatisha. Aflatoksini B1 haiwi na makali yake yote mpaka ifike kwenye ini. Vimeng'enya vya ini viitwavyo saitokromu P450, katika kujaribu kuisafisha, huipachika atomu moja ya oksijeni, na kwa kufanya hivyo huigeuza kuwa molekuli kali inayong'ang'ania guanini, moja ya vijenzi vya DNA. Glutathioni, molekuli ya kinga ndani ya seli, huwahi kuinasa sehemu. Isiyonaswa huharibu vinasaba, na miaka kadhaa baadaye saratani ya ini inajitokeza. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari hupanda maradufu na zaidi. Kama hapa ndipo roho yako imesimama, nenda biokemia.

Mmeona kwamba fani hizi ni jirani, na mwaka wa kwanza mtakaa darasa moja kwa kozi nyingi. Ndiyo maana nasema usichague kwa jina la shahada. Pakua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kisha tafuta kitabu cha mwongozo cha chuo chenyewe, iwe Dar es Salaam, Dodoma au kingine, ufungue orodha ya kozi za mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza unafanana karibu kila mahali. Huko mbele ndiko utakakoona shahada hii ina saa ngapi za maabara, ipi ya lazima na ipi ya hiari, na kozi gani haiwezi kusomwa kabla ya kufaulu nyingine.

Hapo kwenye kozi tangulizi ndipo wengi huumia. Mwanafunzi anapata sapu (mtihani wa marudio) ya kemia fizikia mwaka wa kwanza, anafeli tena na kuibeba kozi hiyo hadi mwaka wa pili, halafu anakuta nusu ya kozi za mwaka wa pili zimeegemea ile aliyoibeba.

Kwa nini kemia fizikia? Kwa sababu ni hesabu, na wengi wenu mmetoka PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia) mkiwa na BAM, yaani hesabu za msingi, peke yake. Mnaambiana kwamba biokemia ni ya kukariri, hesabu mmeachana nayo. Wanangu, siyo kweli. Kasi ya kimeng'enya ni hesabu. Bafa ni logi. Kujua kama dawa imefanya kazi au ni bahati ni takwimu. Ushauri wangu ni huu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: ukipewa nafasi ya kozi ya hiari mwaka wa kwanza, chukua hesabu au takwimu hata kama itakushushia GPA, wastani wa alama zako, kidogo. Wenzangu wanaona GPA ndiyo inayofungua mlango wa shahada ya uzamili, na ni kweli inafungua. Lakini nimewaona wenye GPA nzuri wakikwama huko ndani kwa sababu hawawezi kusoma data zao wenyewe.

Kuna jambo la wazazi pia. Shahada ya biokemia haimfanyi mtoto kuwa mtaalamu wa maabara za hospitali. Hiyo ni shahada nyingine, ina baraza lake na usajili wake. Wala kwetu hapa biokemia siyo ngazi ya lazima kuelekea udaktari, kwa sababu mtu huingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Anayetaka hospitali asome cha hospitali. Anayesoma kemia au biokemia akatafute kazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, TBS (shirika la viwango), TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), mamlaka za maji, maabara za migodini, viwanda vya bia na sukari, au kwenye taasisi za utafiti wa afya, kama NIMR na Ifakara. Nafasi hazitoshi kwa wote wanaohitimu, na sitawaficha hilo. Anayezipata mara nyingi ni yule aliyekwisha kushika mashine kabla ya kuhitimu.

Kwa hiyo mafunzo kwa vitendo yapangeni mapema. Barua zianze kutoka miezi kadhaa kabla ya likizo, tena ziende mahali utakapogusa kifaa. Kuna wanafunzi wanaomaliza wiki zote za fildi wakipanga mafaili, kisha wanarudi na ripoti nzuri isiyo na kipimo hata kimoja. Ukifika ukaona hivyo, omba kwa heshima uoshe hata vyombo vya maabara, ili uwe karibu na anayepima. Beba daftari lako, andika kila namba kwa kalamu ya wino, na ukikosea pitisha mstari mmoja, usifute.

Mradi wa mwaka wa tatu nao huanza mwaka wa pili. Kemikali zikiagizwa kutoka nje huweza kuchukua miezi, na muhula haumsubiri mtu. Kabla hujamwomba mhadhiri akusimamie, muulize maswali mawili: mashine ya kazi hii inafanya kazi leo? Na kemikali zipo kabatini? Kama jibu ni "zitakuja", chagua swali dogo zaidi linaloweza kujibiwa kwa vilivyopo. Kupima floraidi kwenye visima vitano vya kijijini kwenu, vizuri, ni mradi halali kabisa.

Kutoka matokeo ya kidato cha sita hadi chuo kufunguliwa mna wiki nyingi mikononi. Wa PCB na CBG, rudieni logi, milinganyo na michoro ya mistari kwenye BAM. Wote, jifunzeni kuchora grafu kwenye kompyuta, hata ya kuazima. Na fomu za Bodi ya Mikopo zijazwe mapema, pamoja na vyeti vyote vilivyohakikiwa.

Mimi nimemaliza. Sasa niwasikie, na nianze na wale wa nyuma.