Jino, Tembe na Mraibu

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Nimefurahi kuwaona wenye maduka ya dawa mmekuja, maana mengi ya leo yanawahusu.

Hapa Mombasa mtu akikeshwa na jino, alfajiri hutangulia kwa kemisti. "Nipe kitu kikali," husema. Kitu kikali mara nyingi ni tramadoli au kodeini, dawa za jamii ya afyuni, ukoo mmoja na mofini na ukoo mmoja na unga, yaani heroini, unaowamaliza vijana wetu. Haifai kumuuzia mtu tramadoli bila cheti cha daktari, na nyinyi mwajua kwamba huuzwa.

Tazama jino lenyewe linauma kwa nini. Sehemu kubwa ya maumivu yale hutokana na uvimbe, ndani ya jino au kwenye mfupa unaolishika. Ibuprofeni huushughulikia uvimbe huo. Afyuni haiugusi, hupunguza tu habari za maumivu zinazofika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu mzima aliyeng'olewa gego, akipewa ibuprofeni miligramu 400 pamoja na paracetamoli, kwa kawaida hutulia sawa na aliyepewa afyuni, au zaidi, bila kizunguzungu na kichefuchefu. Mwanzo mzuri ni kumeza kabla ganzi haijaisha. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayochochewa na dawa hizi au mimba asiguse ibuprofeni kabla ya kuuliza. Na paracetamoli isipite gramu 4 kwa siku; soma pakiti, kwa sababu imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua.

Marekani walijifunza haya kwa machozi. Miaka mingi kijana aling'olewa magego ya mwisho akarudi nyumbani na kichupa cha haidrokodoni, nayo ni afyuni, akameza chache, zilizobaki zikakaa kabatini zikimngoja yeye au mdogo wake. Mwaka 2024 mwongozo ulioidhinishwa na chama cha madaktari wa meno wa huko uliweka ibuprofeni na jamaa zake mbele, peke yake au pamoja na paracetamoli, na afyuni ikaachiwa nafasi finyu. Sioni kwa nini sisi tusubiri kuzika kwanza.

Lakini kuna mgonjwa ambaye nataka tukae naye zaidi. Ni yule aliyeacha unga. Miaka yote aliyovuta, meno yalioza na hakusikia kitu, kwa sababu unga wenyewe ni dawa ya maumivu. Mate yamekauka, sukari imekuwa chakula, mswaki umesahaulika. Siku anapoanza kupona, mdomo mzima unaamka. Anakuja kliniki shavu limevimba, ameketi pembeni na mkono mdomoni, na mtu wa mapokezi anamnong'oneza mwenzake, "Teja huyu, anatafuta dawa." Ndugu zangu, hapo ndipo tunapowapoteza. Akitoka pale bila kutibiwa, anajua fika ni wapi maumivu yale yanazimwa kwa haraka.

Maumivu yake ni ya kweli, tena huenda akayahisi kuliko mimi na wewe. Mpe ganzi ya kutosha, ngoja ishike, jaribu kabla ya kukamata koleo. Muulize anatumia nini, kwa sauti ileile unayomuulizia mtu habari za sukari au presha, mlango ukiwa umefungwa.

Nimeletewa swali na mama mmoja kwenye karatasi. Mwanawe anakunywa methadoni, dawa ya jamii ya afyuni wanayopewa walioacha unga, kila asubuhi kliniki ya Kisauni, na jino litang'olewa wiki ijayo. Je, siku hiyo asinywe?

Mama, anywe kama kawaida. Akiikosa, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa mwili uliyoizoea, itamjia juu ya maumivu ya jino. Ila methadoni hiyo haitoshi kutuliza kidonda, kwa hivyo ibuprofeni na paracetamoli apewe vilevile, kama afya yake inaruhusu. Asichanganye na tramadoli. Daktari wa meno aambiwe kabla ya kuandika dawa yoyote, hata antibiotiki, kwani erithromisini kwa mfano inaweza kugongana na methadoni ikausumbua moyo. Na kliniki ya Kisauni wapigiwe simu mapema, wazungumze daktari kwa daktari, asiachiwe kijana kubeba maelezo peke yake.